Kipande Kifupi Nacho ni Kuni: Tuliyojifunza Katika Jiko la Madrasa



Nyuma ya jiko la madrasa yetu, hapa mkoani Tanga, palikuwapo kwa muda mrefu rundo la kuni ambazo hakuna aliyezitaka. Humo mlikuwa na vipande vya shubiri moja vilivyobaki kila magogo yalipokatwa, mafundo yaliyolishinda shoka, panda za matawi ya mwembe, mizizi iliyopinda, mabanzi yaliyotoka kwa wapasua mbao, na vipande vya mraba walivyotuletea mafundi seremala wa mtaani. Kila gari la kuni lilipoingia, kuni ndefu zilizonyooka zilipangwa ukutani, na zile fupi na za ajabu zikatupwa nyuma, zikanyeshewa na kuota uyoga.

Sisi wa kamati tulilitazama rundo lile kwa jicho la daftari. Madrasa yetu ni ndogo. Wanafunzi wa bweni hawazidi 40. Hata hivyo, baada ya chakula chenyewe, kuni ndizo zilizokuwa zikimeza fedha nyingi za michango ya waumini. Katika kikao kimoja tukakumbushana katazo la israfu lililomo katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, tukaona haya kwamba tunanunua kuni mpya hali tumelala juu ya kuni. Tukaamua kwa kauli moja kutonunua kuni mwezi ule, na jiko lilishwe vipande vile hadi viishe.

Mwisho wa mwezi daftari lilitupendeza. Tukaenda jikoni kumshukuru bibi anayetupikia. Tulipomwamkia aliitikia marahaba huku akikohoa, macho yake mekundu, ukuta nyuma yake umekuwa mweusi kwa masizi. Akatuambia, "Wanangu, hizo fedha mlizookoa zimo humu kifuani mwangu. Njooni mzichukue."

Hatukuwa na jibu. Uji wa watoto ulikuwa umechelewa siku kadhaa, na sisi tulidhani ni uzembe wa wapishi. Kumbe tulikuwa tumepunguza gharama katika daftari na kuihamishia katika pumzi ya mama mtu mzima ambaye hakuwamo katika kikao kile. Makala haya ni matunda ya aibu hiyo, na ya miezi tuliyotumia baadaye kujifunza namna ya kuchoma kuni fupi kwa usahihi.

Kosa halikuwa la vipande

Katika jamaa yetu yumo mzee aliyewahi kuwa mchochea tanuri kiwandani katika ujana wake. Tulimwomba aje alitazame jiko. Aliokota vipande viwili, akavigonganisha, akatikisa kichwa. Kisha akatuambia, "Moto hauulizi urefu wa kuni. Unauliza ukavu, na unauliza hewa." Tulichokuwa tumelipa jiko letu ni mbao zilizoloa, tena tumezishindilia mpaka hewa haina pa kupita.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini watu wengi huzidharau kuni fupi. Mapishi yetu ya asili ni ya mafiga matatu. Katika mafiga, kuni ndefu ina kazi mbili: huungua ncha moja, na ncha nyingine hubaki nje kuwa mpini wa kuisukumia ndani. Kipande kifupi hakina mpini. Ukikiweka katikati huanguka majivuni, kikakosa hewa chini yake, kikafuka moshi. Ndiyo maana mama zetu walikitupa, nao walikuwa na haki. Lakini jiko la matofali lenye mdomo, wavu wa chuma na bomba la moshi ni jambo jingine. Humo kuni hailali juu ya majivu bali juu ya wavu. Hewa hupanda kutoka chini, na majivu huanguka yenyewe. Katika jiko la namna hii kipande kifupi hakina upungufu wowote wa asili.

Tena kina fadhila zake. Ya kwanza ni kukauka upesi. Maji yaliyomo ndani ya mti husafiri kwa wepesi zaidi kufuata nyuzi zake, yakitokea kwenye ncha zilizokatwa, kuliko kupenya ubavuni. Gogo refu lina ncha mbili tu na tumbo kubwa, ilhali kipande kifupi ni kama ncha tupu.

Ya pili ni kushika moto kwa haraka. Chukua mchemraba wa mbao wenye sentimita 10 kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 600. Ukate uwe michemraba 8 yenye sentimita 5 kila upande. Mbao ni ile ile na uzito ni ule ule, lakini uso unaoweza kuguswa na moto sasa ni sentimita za mraba 1,200. Kwa hiyo vipande vidogo hutoa joto kali kwa muda mfupi, na hilo ndilo linalotakiwa asubuhi maji ya uji yanapoteleka.

Ya tatu inahusu umbo. Kuni zilizonyooka zikipangwa hulala zikabanana. Kipande kilichopinda hakikubali kulala hivyo. Huacha nafasi pembeni mwake, na nafasi hiyo ndiyo njia ya hewa. Umbo linalokikosesha nafasi katika safu ya ukutani ndilo linalokifaa ndani ya jiko.

Kuchambua kabla ya kuchoma

Kazi ya kwanza tuliyoifanya ni kulibomoa rundo na kuligawa mafungu manne. Ilituchukua Jumamosi moja, na vijana wa darasa la juu walisaidia.

Fungu la kwanza ni vibanzi na vipande vyembamba visivyozidi unene wa kidole gumba. Hivi ni vya kuwashia. Tangu tuvitenge, bibi hahitaji tena mafuta ya taa wala mifuko ya plastiki, ambayo kwa hakika haikupasa kuingia jikoni hata siku moja.

Fungu la pili ni vipande vya ukubwa wa ngumi hadi shubiri moja: mabaki ya seremala, ncha za magogo, mabanzi yaliyokatwa. Hivi ndivyo vya kupikia hasa. Mengi ya mabaki ya seremala kwetu ni ya msaji kutoka mashamba ya miti ya upande wa Muheza, na ya msonobari unaoletwa kutoka nyanda za juu kusini. Msonobari una utomvu, hivyo huwaka kwa ndimi ndefu, na ukinyimwa hewa hutoa masizi mazito. Tunauchanganya na mti mgumu, wala hatuujazi peke yake.

Fungu la tatu ni mafundo, panda na visiki. Usipoteze nguvu zako kuvipasua. Kifundo ni pale nyuzi za tawi zilipoingiliana na nyuzi za shina, na ndiyo maana kabari hukwama humo. Kinachohitajika ni kiwe kidogo kuliko mdomo wa jiko, basi. Kifundo kikavu kikiwekwa juu ya makaa mekundu huwaka polepole kwa muda mrefu. Bibi huvitumia kwa maharage na makande, na makaa yake hutosha kupalia wali.

Fungu la nne ni maranda na unga wa mbao. Haya hayafai kumwagwa juu ya moto; unga mkavu ukirushwa juu ya makaa huweza kulipuka usoni mwa mpishi, na ukimwagwa kwa wingi huuzima moto ukabaki moshi. Maranda machache hufaa kuwashia. Unga uliobaki tunampa mfugaji wa kuku jirani, naye hutuletea mayai siku ya Ijumaa.

Jambo la uaminifu lisisahaulike. Mabaki yaliyopo kwa seremala huenda ni mali ya mteja aliyenunua ubao mzima. Tumewaomba mafundi wawaulize wateja wao kabla ya kutupa. Kipande ni kidogo, lakini idhini ni lazima.

Kukausha na kuhifadhi

Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Maana yake ni kwamba ukitia jikoni kilo moja ya kuni za namna hiyo, moto unalazimika kwanza kuchemsha na kugeuza kuwa mvuke nusu lita nzima ya maji, maji ambayo hayamo katika sufuria yako. Joto unalolipia hupotea huko, na moto uliopoa hushindwa kuziunguza gesi zinazotoka katika mti. Gesi hizo ndizo moshi unaouona. Moshi mzito, kwa hiyo, ni kuni ambayo haikuungua. Ni fedha inayopita machoni na mapafuni mwa mpishi. Kuni iliyokauka vizuri hubaki na maji kiasi cha asilimia 15 hadi 20 tu.

Vipande vya ajabu havipangiki safu, na hapo ndipo wengi hushindwa. Sisi tulichukua matenga ya nyanya yaliyochakaa na magunia ya wavu ya vitunguu, tukavijaza ovyo bila kuvishindilia, kisha tukayapanga juu ya matofali ili hewa ipite chini. Juu yake tuliweka bati moja, pande zote tukaziacha wazi. Kosa la kawaida ni kufunika kuni kwa turubai mpaka chini. Hapo unyevu hunaswa ndani na kuni huoza. Kwetu pwani, yenye masika na vuli, kuni za msimu wa mvua hutafutwa wakati wa jua.

Namna za kupima ukavu ni tatu. Gonganisha vipande viwili: vikilia kwa sauti kali vimekauka, vikitoa mlio wa kufifia bado. Tazama ncha: kuni kavu huwa na nyufa zinazoanzia katikati. Na kama una mizani ya jikoni, chagua kipande kimoja, kipime kila wiki na uandike uzito wake. Siku utakapoacha kupungua, tenga lile liko tayari.

Kulisha jiko

Wavu wetu ni wa nondo zilizounganishwa na mchomeleaji wa mtaani. Mwanya kati ya nondo na nondo hauzidi vidole viwili, ili vipande vidogo visidondoke kabla ya kuungua. Chini ya wavu pana nafasi ya majivu, ambayo husafishwa kila asubuhi, kwa sababu majivu yakijaa hewa haipandi, hata kuni ziwe kavu namna gani.

Moto huanza kwa fungu la kwanza. Vibanzi vikishika, huongezwa vipande vichache vya fungu la pili, vikikingamana, si kulaliana. Hapa ndipo penye siri yote: kuni fupi hulishwa kidogo kidogo na mara kwa mara. Ukimwaga karai zima kwa mara moja, vyote hupata joto pamoja, gesi hutoka nyingi kuliko hewa iliyopo, moshi hujaa, na mwali huweza kutoka mdomoni mwa jiko. Sisi hulijaza tumbo la jiko hadi nusu tu, na hatuongezi mpaka vya mwanzo viwe vimeanza kugeuka makaa. Mafundo huja mwisho, chakula kikishachemka.

Lakini kulisha mara kwa mara maana yake ni mkono wa mpishi kuukaribia moto mara nyingi zaidi. Hiyo ni gharama ya kweli ya kuni fupi, nasi hatukuihesabu hapo mwanzo. Gharama hiyo tumeipunguza kwa mambo matatu. Tumemtengenezea bibi koleo refu la chuma ili asiingize mkono. Tumeweka tenga kando ya jiko kwa urefu wa kiuno ili asiiname. Na tumempa msaidizi wakati wa mchana, wakapokezana zamu. Watoto hawaruhusiwi kuchochea, na mpishi hakai jikoni na ushungi unaoning'inia.

Usiku hatuachi makaa yakiwaka. Mtume (s.a.w.) alikataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba wakati wa kulala, na hatari yake inafahamika: mbali na cheche, makaa yasiyo na mwali hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu waliolala. Asithubutu mtu kuingiza makaa ya jiko chumbani kwa ajili ya kujikinga na baridi au mbu.

Zisizochomwa kabisa

Mzee wetu alipochambua rundo aliweka kando karibu karai mbili, akasema hizo zisiguse moto. Tulipomweleza kuwa nyingine kama hizo tulikwisha kuzichoma, alinyamaza kwa muda. Tunaomba kila familia ihifadhi orodha hii.

Usichome mbao zilizopakwa rangi au vanishi, hasa za milango na madirisha ya zamani. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usichome plaiwudi wala mbao za unga ulioshikanishwa kwa gundi. Usichome vipande vya nguzo za umeme au nguzo za uzio zilizotiwa dawa. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu iliyomo katika moshi na katika majivu pia. Usichome mabaki ya ngalawa na mashua, kwani mbao zilizolowa chumvi ya bahari hutoa moshi mbaya na hula chuma cha wavu. Usichome mnyaa, utomvu wake hudhuru macho.

Mbao za paleti za mizigo zitazamwe muhuri. Kwa kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002, paleti zinazovuka mipaka hupigwa alama. Herufi HT maana yake zilitibiwa kwa joto tu. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromaidi. Zenye MB, na zile zilizomwagikiwa na kitu kisichojulikana, ziachwe.

Mkazo kuhusu majivu una sababu. Jikoni kwetu sufuria husuguliwa kwa majivu. Majivu ya kuni safi hayana neno, isipokuwa hukausha ngozi ya mikono. Majivu ya mbao iliyopakwa rangi au kutiwa dawa ni kuipaka sumu sufuria ya kesho. Na misumari iliyomo katika mbao hubaki majivuni. Kabla ya kuyamwaga shambani tunapitisha sumaku, kwani watoto wetu hutembea pekupeku.

Hesabu iliyo kamili

Leo gari la kuni linakuja kwa nadra kuliko zamani. Vipande vifupi vinapika uji na maharage, moshi unapanda bombani, na ukuta uliopakwa chokaa upya bado una weupe. Bibi tulimpeleka hospitali, akapata dawa na ushauri. Kikohozi kimepungua, hatusemi kimekwisha. Siku hizi anaalikwa kikaoni kila jambo la jiko linapojadiliwa, naye huanza kwa kutuuliza, "Haya, wanangu, leo mnaokoa nini, na nani atalipa?"

Wala hatudai kwamba kuni, hata zikichomwa vyema, ndio mwisho wa safari. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Nchi yetu ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zimekwisha kuagizwa na serikali kuachana na kuni na mkaa. Sisi tuko chini ya idadi hiyo, lakini pumzi ya mpishi wa watu 40 haina thamani ndogo kuliko ya mpishi wa watu 400.

Kwa hiyo kamati imeamua kwamba fedha zote zilizookolewa kwa kuchoma vipande zisirudi katika mfuko mkuu. Zinawekwa kando, katika ukurasa wake wa daftari, kwa ajili ya jiko la gesi na mtungi wake. Ukurasa huo husomwa mbele ya bibi kila mwezi. Kiasi bado hakijatosha, nasi hatuoni haya kusema hivyo.

Ndugu msomaji, kama nyuma ya jiko lako kuna rundo kama lile, usilitupe na usilichome lote kesho asubuhi. Lichambue, likaushe, kisha mwite anayepika akuambie jiko lake linahitaji nini. Sisi tulimwita mwisho, na ilitupasa kumwita mwanzo.

Wabillahi tawfiq.